Pedali Mpya za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu huenda na baiskeli, kwetu tunaiita kinga, shambani kwake, kule Annexe pembezoni mwa mji, na goti linamtesa. Mimi, msomi wa ukoo, nilitamani sana kumponya, nimpite kwa sifa mkwe mwenzangu mwenye lori. Nikamfungia pedali pana zenye vyuma vifupi vya kuzungushia, ili goti lisikunjwe sana, huku nikimhubiria kama profesa. Aliitikia kwa kichwa tu, maana kwetu zawadi ya mkwe haikataliwi.

Jumamosi nikaita ukoo mzima barabarani waone kazi yangu. Mzee akatokea akisukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makaa.

“Baba, basi mupande hiyo kinga!” nikamwambia.

“Mukwe,” akasema kwa upole, “miye sijue kupanda kinga. Nasukumaka tu. Na hizi pedali zako kubwa zinanigonga ku goti.”