Redio Zilizopimwa Asubuhi

Siku ile ya Kedowa sijaisahau, mwanangu, na sitaki kuisahau, maana nikiisahau nitakuwa mjinga mara ya pili. Nilikuwa na hasira siku ile, na leo hasira yenyewe imerudi yote, tena umeniletea wewe kwa mkono wako. Umeweka mezani pangu karatasi ya kulinganisha redio tatu za intaneti, zile za kufungwa nje juu ya milingoti. Karatasi safi, imetiwa rangi, kila redio na kasi yake na umbali wake. Nikakuuliza umezipima wapi. Ukasema hukuzipima, hizo namba ni za waliozitengeneza. Nikakuuliza, haya, mteja ni nani? Ukatazama dirisha.

Kaa chini. Kunywa chai hiyo kabla haijapoa, na usinijibu mpaka nimalize.

Nilikuwa bado msichana, fundi mwanamke wa pekee katika kampuni ndogo ya intaneti mjini Kericho, na nilijiona sana. Kazi yetu ilikuwa kuuchukua mtandao mjini na kuurusha kwa redio, mlingoti hadi mlingoti, mpaka uwafikie watu ambao hakuna mtu angewapelekea waya. Bosi akanipa redio za aina mbili. Akaniambia nizilinganishe, na ile nitakayoichagua ndiyo tutakayofunga kila mahali. Mimi, na umri ule, kupewa neno la mwisho! Nilitembea mjini kama nimechaguliwa kuwa chifu.

Mahali pa kujaribia palikuwa zahanati moja ndogo upande wa Kedowa. Mlingoti wetu ulisimama kilimani karibu na Chepseon. Katikati palikuwa na bonde la majani chai, na ukingoni mwa bonde shamba la mikaratusi, ile inayopandwa iwe kuni za kiwanda cha chai. Unajua inavyorefuka haraka. Vilele vyake vilikuwa vimeanza kuingia kwenye njia ya mawimbi yetu. Niliviona vizuri sana, nikajiambia ni majani tu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Sista Akinyi. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai, naye akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba. Alikuwa na cheti cha uuguzi, na kwa miaka mitatu alikuwa akisomea diploma kwa mtandao, akisafiri mpaka mjini kila Jumamosi kutafuta mtandao. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja, wa mwisho. Ungefanywa kwa kompyuta, kuanzia saa nane na nusu mchana, na mtandao ukikatika zaidi ya dakika kumi karatasi inajifunga. Ikijifunga, ni mpaka mwaka ujao. Haya yote aliniambia siku ya kwanza nilipofika na ngazi yangu, akaniuliza kama anaweza kuufanyia pale pale zahanati, asiache wagonjwa.

"Fanya hapa, Sista," nikamwambia. "Hiyo wacha ikuwe kazi yangu."

Nilipima kwa wiki mbili. Redio moja ilikuwa ya haraka ajabu. Nyingine ilikuwa ya polepole, inatumia mawimbi ya chini ambayo hupenya majani vizuri lakini hayabebi mengi. Nilizifunga zote mbili juu ya paa la zahanati, nikakaa chini na kompyuta, nikaandika. Ya haraka ilipitisha mara nne ya mwenzake, siku zote, bila kukosa. Nikachora jedwali, mwanangu. Zuri kuliko lako.

Sasa sikiliza upumbavu wenyewe ulivyokuwa. Nilipima kila siku, lakini kila siku asubuhi. Si kwa uvivu! Huku kwetu kwenye chai, kazi zote ni za asubuhi. Wachumaji huingia shambani kungali na umande, na kila mtu anataka majani yake yawe yamepokelewa kituoni kabla ya saa nane, kwa sababu saa nane hivi mawingu hupanda kutoka upande wa ziwa, radi inapiga, na mvua ikianza kila mtu yuko ndani. Ndivyo nilivyolelewa. Mvua ilikuwa saa ya kupumzika, na haikunijia akilini kwamba ni saa ya kupima chochote.

Palikuwa na mzee aliyetunza ua wa zahanati, Mzee Okelo, aliyechuma chai mpaka mgongo ukakataa. Siku moja adhuhuri alinikuta nakunja nyaya zangu mbiombio.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa lugha ya kwao upande wa ziwa. "Unakimbia wapi?"

"Mvua inakuja, Mzee."

"Na hii kitu yako huko juu, nayo inakimbia?"

Nikacheka. Nikamwambia hii ni redio ya kisasa, haijui mvua.

"Haijui kwa sababu hujawahi kuwakutanisha. Si ungoje tu kidogo? Kaa hapa na mimi mpaka saa tisa."

Nikasema nina mambo mengi mjini. Sikuwa na jambo hata moja. Nilimwona ni mzee wa jembe anayetaka mtu wa kupiga naye soga, na mpaka leo nikikumbuka ule mcheko wangu natamani kujizaba kofi.

Nikaichagua ya haraka. Ile ya polepole nikaishusha, nikairudisha kwenye boksi lake, nikaifungia stoo Kericho.

Siku ya mtihani nilikwenda mwenyewe, nimevaa vizuri, nishuhudie kazi yangu. Saa nane na nusu Sista Akinyi akaanza. Kabla ya saa tisa paa likaanza kugongwa na mvua ya mawe. Nikatazama taa za redio: nne, mbili, moja, hakuna. Ile mikaratusi ikiwa mikavu ilikuwa ikiyaachia mawimbi yapite kwa shida. Ilipolowa, ikayameza yote. Nilizima, nikawasha, nikapiga simu mjini, nikazima tena. Kumpandisha mtu juu ya paa kwenye radi ile kungekuwa wazimu, na hata ningepanda, redio ambayo ingefaa ilikuwa stoo.

Akinyi hakupiga kelele. Alikaa na vidole juu ya kompyuta kana kwamba akiviondoa ndiyo ataharibu, mpaka dakika kumi zikaisha na karatasi ikajifunga.

"Ni mvua, Sista," nikasema.

"Mvua iko hapa tangu nizaliwe," akasema. "Wewe ndiye umekuja juzi."

Akafunga kompyuta, akajifuta uso kwa kiganja, akatoka kumwangalia mtoto wa kikohozi aliyekuwa akimngoja kwenye benchi.

Nilisimama barazani nikilaani. Nililaani mikaratusi, kiwanda, na watu waliotengeneza redio wakaandika kwamba inafika kilomita nyingi. Mzee Okelo alikuwa amejikinga mvua papo hapo. Akaniacha nimalize.

"Mimi sijasoma hiyo redio," akasema. "Lakini saa ya mtihani Sista aliandika kwa kalenda, kwa ukuta, na kalamu nyekundu. Umepita hapo wiki mbili. Siku gani moja ulikuwa hapa saa nane na nusu?"

Nikazihesabu siku zote za wiki zile mbili. Haikuwapo hata moja.

Kesho yake nilifunga ile ya polepole, na safari hii nikangoja. Mvua ikaja, mbaya kuliko ya jana. Redio ikapungua kidogo, ikabaki pale pale. Na mtihani ule, mwanangu, ulikuwa maandishi matupu, ulihitaji mtandao mdogo mno! Redio iliyoshindwa kwenye jedwali langu ingemtosha Akinyi na kubaki. Bosi alipoiona ripoti yangu mpya alifoka kwamba wateja wanapenda namba kubwa. Tuligombana, nikaacha kazi, na ndiyo maana leo kuna kampuni hii unayoifanyia kazi.

Mwaka uliofuata Sista Akinyi alirudia mtihani kwenye meza ile ile, mvua ikinyesha, mimi na Mzee Okelo tukingoja barazani. Alifaulu. Alinishika mkono akanishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko matusi, kwa sababu mwaka mzima wa maisha yake ulikuwa umepotea nami ndiye niliyeupoteza.

Kwa hiyo usinione nimefura bure. Unafanya kosa langu, na umelifanya kwa uvivu zaidi, kwa maana mimi angalau nilipanda paa. Karatasi yako sitaichana. Igeuze, nyuma ni nyeupe. Andika kwanza jina la mteja, halafu kazi anayoifanya kwa huo mtandao, halafu saa anayouhitaji. Kisha chukua redio zote tatu uende kwake, ukae mpaka saa hiyo ipite, kukiwa na majani na kukinyesha. Radi ikipiga usipande popote, kaa chini na kompyuta. Na mtu wa pale akikuuliza swali, awe na jembe, awe na ufagio, weka kalamu chini umjibu.

Haya, nenda. Mungu akushike unapopanda na akushushe salama, awape wateja wako usingizi mwema kwa kazi ya mikono yako, na mvua ya kesho ikukute umeshafika.