Sinema yangu bora ya Kihindi mwaka huu nilitoka kununua popcorn ikifika penyewe

Wakuu, mambo? Salamu kwa wote, na hasa wewe unayesoma uzi huu ukiwa kazini huku umefungua ukurasa mwingine wa kumhadaa bosi.

Nimeona watu humu wanapanga sinema zao bora za Kihindi za mwaka huu. Na mimi nina zangu. Lakini siwezi kuzipanga kabla sijawaeleza kilichonipata, kwa sababu kilivuruga mpango wote. Ni kweli tupu. Nilichobadilisha ni majina ya watu, maana mmoja wao akijua nimemwandika atanikatia chai.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha mapema, tusiulizane darasa gani. Tangu hapo nimebeba mizigo Ngara, hapa Nairobi, nimeuza mitumba, nimepaka rangi, nimelinda geti, nimefuga kuku wa mtu. Sikai mahali. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Siku hizi nasafisha matangi ya maji kule Kitisuru, na wikendi nafunga dish za TV.

Dish ndiyo iliyonipeleka kwa Bi Rukia.

Bi Rukia ni mama mjane kutoka Mombasa, ana duka la vitambaa Ngara na anaishi flat ya karibu na duka. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka aliniita nimrudishie picha. Picha ikarudi, kumbe ni sinema ya Kihindi iko katikati. Nikakaa kidogo kuhakikisha signal. Nilihakikisha mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupita.

Akaniuliza, "Fundi, signal iko sawa?"

Nikamwambia bado nina wasiwasi nayo, heri nirudi Jumapili ijayo.

Tangu hapo sijakosa. Mimi, mtu ambaye sijawahi kumaliza mwaka mahali pamoja, nimemaliza mwaka kwenye sofa la watu.

Tulikuwa watatu. Wa tatu ni Wanjiku, karani anayekaa Woodley. Alikuja kuchukua kitambaa chake cha harusi ya mtu, akakuta sinema inaendelea, akanaswa kama mimi.

Sasa kuna mambo mawili lazima niwaambie, bila hayo hamtanielewa.

La kwanza: nyimbo. Nilipokuwa mdogo tulitazama sinema kwenye kibanda cha video, na mwenye kibanda aliruka nyimbo zote ili awahi onyesho linalofuata. Kichwani mwangu wimbo ukawa ni mahali pa kwenda chooni. Kwa Bi Rukia, wimbo ukianza mimi nainuka naenda jikoni kuchemsha chai. Wimbo mwingine, naosha vikombe. Wimbo wa tatu, nakatakata mkate.

Bi Rukia alikuwa ananisifu kwa wageni. "Kijana huyu amelelewa. Haambiwi, anaona mwenyewe."

La pili: Bi Rukia huamua mambo yake kwa sinema. Msicheke. Tulipotazama ile ya Pampu, kijiji kizima kinagombania pampu moja ya maji, kesho yake asubuhi alimrudishia jirani ngazi aliyoiazima kwake enzi na enzi. Tulipotazama ile ya Bendi, bendi ya harusi imepotelewa na mpiga tarumbeta siku yenyewe ya harusi, alimpa likizo ya lazima mshonaji wake aliyezoea kuchelewa.

(Majina halisi ya sinema siandiki, tahajia yangu ya Kihindi mtanicheka. Haya ni majina yetu ya pale sebuleni.)

Twende sasa.

Miezi ya mwisho mwisho ya mwaka, Bi Rukia akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alimwambia apumzishe jicho. Yeye alivyo, akapumzisha yote mawili. TV ikafunikwa leso kama maiti. Akawa anakaa sebuleni na miwani nyeusi kama mkubwa wa polisi.

Na balaa ni kwamba wiki hizo ndipo ilipoingia ukumbini sinema aliyoisubiri mwaka mzima. Tuliiita Ukuta. Dada wawili wamerithi duka la vitu vitamu kutoka kwa mama yao, wakagombana, wakajenga ukuta katikati ya duka. Huku jalebi za sukari, huku chevda za pilipili. Hawasemezani.

Bi Rukia alipoona tangazo lake kabla ya upasuaji alisema neno moja tu. "Zainabu."

Bi Zainabu ni mdogo wake, yuko Mombasa. Walinuniana siku ya hitima ya mama yao. Bi Rukia alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, amefika, ameingia jikoni ashike mwiko kama mtoto wa nyumba ile. Zainabu akasema mbele ya wanawake wote, "Mpeni kiti mgeni wetu wa Nairobi."

Mgeni. Katika nyumba aliyozaliwa.

Alikaa kwenye hicho kiti mpaka hitima ikaisha, akarudi Ngara, na hawajawahi kusemezana tena. Sasa binti wa Zainabu alikuwa anaolewa, na huyo binti mwenyewe alimpigia simu Bi Rukia, khalati yake, akilia, aje.

Bi Rukia akaniita. Wanjiku alikuwa ameenda kwao Kiambu wikendi hiyo, kwa hiyo tulikuwa wawili tu.

"Fundi, nenda Westlands ukanitazamie ile Ukuta. Njoo unisimulie."

"Sawa, Bi Rukia."

"Wakipatana hawa, nakwenda harusini. Wasipopatana, jibu nimelipata, na mtu asinisumbue tena."

Nilidhani anatania. Halafu nikakumbuka ile ngazi.

Wakuu, nikaenda. Nilioga na kuoga. Nikakaa safu ya katikati kama mtu aliyetumwa na serikali.

Na sinema ni tamu! Ukuta wenyewe unaigiza kuliko waigizaji. Huyu akikoroga sukari, yule ananusa. Yule akikohoa, huyu anaacha kukoroga. Nilitoa machozi kidogo nikajifanya napiga chafya.

Karibu na mwisho mvua kubwa ikaanza kunyesha, mabati yanalia, ngoma zikaanza kupigwa.

Wimbo.

Miguu iliinuka yenyewe. Nawaapia sikufikiria. Nilijikuta kwenye foleni ya popcorn, na foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi, ukuta bado upo, lakini una kadirisha. Nikasema moyoni, hawa watengenezaji wa sinema ni wazembe, mwanzoni dirisha halikuwepo. Kisha mdogo anapanda gari moshi kwenda mji mwingine. Mkubwa anasimama pale stesheni, anamtazama. Hakuna neno. Gari linaondoka. Mwisho.

Watu waliokuwa kando yangu walikuwa wanajifuta machozi huku wanatabasamu. Nikajiuliza, hawa wanafurahia nini?

Nikarudi Ngara, nikasimulia vizuri, nikaweka na mikono. Bi Rukia aliinamisha kichwa akisikiliza. Nikafika mwisho.

"Hawakupatana?"

"Hawakupatana, Bi Rukia. Mdogo ameenda zake, mkubwa amesimama tu."

"Hata neno moja hakumwambia?"

"Hata moja."

Mlangoni pa chumba lilikuwa limetundikwa dera jipya, la kijani, limeshonwa kwa ajili ya harusi ile. Sikujua kama alikuwa ameshalishona. Aliinuka, akalikunja polepole, akalitia kabatini.

"Ahsante, Fundi. Umenipunguzia nauli."

Alicheka. Mimi sikucheka, na sikujua kwa nini.

Jumapili iliyofuata Wanjiku akarudi. TV bado imefunikwa, tukawa tunapiga gumzo tu. Nikamhurumia kwamba ameikosa Ukuta.

"Nimeikosa? Niliiona na wenzangu wa kazini! Aki ile reconciliation yao..."

"Ya nani?"

"Ya dada wawili."

"Hawakupatana," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na serikali.

Wanjiku akanitazama kama mtu anayesoma bili ya stima. "Wewe. Wakati wa wimbo wa mvua ulikuwa wapi?"

"Foleni. Ya popcorn."

"Walipatana kwenye wimbo! Wimbo wote ni wao kupatana! Ati ulidhani lile dirisha limetoka wapi? Kwa hardware?"

"Lakini stesheni hawakusemezana..."

"Kwa sababu walikuwa wamemaliza! Hawakuwa na deni la maneno tena. Manze, wewe huwa unatazama nini hapa kila Jumapili?"

Wanjiku akageuza macho polepole kuelekea jikoni, kwenye birika, kwenye vikombe vilivyong'aa mwaka mzima. Nikaona ameelewa.

"Bi Rukia," akasema, "hiyo si adabu. Huyu anakimbia nyimbo."

Tukamgeukia Bi Rukia. Harusi ilikuwa wiki hiyo hiyo. Nikamweleza yote, nikaomba radhi, nikamwambia nimekosea, walipatana, atoe dera.

Akatikisa kichwa.

"Nyie wawili mmepanga. Mnanionea huruma. Watu wa Nairobi bwana, mkiona mtu mzima ana huzuni mnampa peremende."

"Wallahi Bi Rukia..."

"Wewe Mkristo, wallahi ya nani? Uliniambia hawakusemezana hata neno moja. Sasa leo unaniambia walipatana. Nikuamini Fundi yupi?"

Ukishamwambia mtu uongo ukiwa na uhakika, ukweli wako wa pili unafika umechoka.

Kesho yake nikaacha tangi la watu Kitisuru nusu limeoshwa, nikarudi Westlands. Wimbo ulipoanza nilishika kiti kwa mikono miwili. Miguu ilitaka kwenda. Nikaikatalia.

Jioni nikamwita Wanjiku, tukapanda kwa Bi Rukia. Nikamwambia, "Leo sisimulii. Leo nakuonyesha. Sogeza kiti."

Tatizo la wimbo ni kwamba hausimuliki. Maneno yenyewe ya ule wimbo yanahusu mvua tu. Yote mengine ni mikono na macho.

Basi Wanjiku akawa ukuta. Alisimama katikati ya sebule amenyoosha leso kwa mikono miwili. Mimi nikawa dada wote wawili.

Nilicheza nikiwa na soksi. Upande huu mkubwa, anatega sufuria mvua inapovuja. Nazunguka mbio. Upande ule mdogo, naye anatega sufuria. Nazunguka tena. Jirani wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Jirani wa mlangoni akaja kuangalia nani anakufa, akabaki.

"Ukuta, usicheke!" nikamkemea Wanjiku.

"Ukuta umechoka mikono! Fanya haraka!"

Mvua inalowesha ukuta, tofali moja linalegea. Mkono unapita kwenye tundu. Una jalebi moja. Upande wa pili, mkono mwingine. Hauchukui jalebi. Unashika kile kiganja na jalebi yake humo humo, sukari inawachuruzika wote wawili, na wanakaa hivyo mpaka wimbo unaisha.

Nilisimama nahema. Jirani wa mlangoni alikuwa anapiga makofi.

Bi Rukia alikuwa hajacheka hata mara moja.

"Mkono uliopita kwanza," akasema. "Ulikuwa wa nani?"

Wakuu, Bi Rukia ndiye mkubwa. Nilijua jibu, na nilijua jibu ambalo angelipenda zaidi. Wanjiku alinitazama juu ya leso.

"Wa mkubwa," nikasema.

"Kwa nini wa mkubwa? Yeye ndiye aliyekosewa."

"Sijui, Bi Rukia. Wimbo haukusema."

Alivua miwani, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio, muda mrefu, kioo ambacho hakikuwa na kitu. Akaivaa tena.

"Kucheza hujui," akaniambia. "Lakini hilo hukulitunga. Ungelitunga ungeniambia mdogo." Kisha, "Wanjiku, shusha hiyo leso, mwanangu. Nitolee dera langu, liko kabatini. Lipige pasi."

Tulimpeleka stesheni mimi na Wanjiku. Alipanda na miwani yake, hakutuaga kwa maneno mengi.

Baada ya harusi akatuma voice note. Nyuma kuna kelele za wanawake na sufuria, na sauti nyingine inauliza, "Unaongea na nani, dada?" Bi Rukia anamwambia angoje. Kisha anasema:

"Fundi, sisi huku hatukuwa na mvua wala ngoma. Nilisimama mlangoni pa jikoni, na yeye amesimama na mwiko, tunatazamana kama wajinga. Hapakuwa na wimbo wa kutusaidia, mwanangu. Ilibidi nifungue mdomo."

Ndiyo hivyo wakuu.

Kwa hiyo mwaka huu kwangu ya kwanza ni Ukuta, na sitaki mjadala. Zingine siwezi kuzipanga, nazirudia zote na nyimbo zake. Juzi nimerudia ile ya Lifti, kijana na binti wamekwama kwenye lifti, nikagundua yule mtoto wanayeonekana naye mwishoni hawakumteka nyara. Ni wao walioana wakamzaa kwenye wimbo, mimi nikiwa nakata mkate. Mwaka mzima nilikuwa nasikitikia wazazi wake!

Funzo nililopata: sehemu unayoiona ni ya kupumzikia, mwenzako huenda ndiyo aliyoijia. Na ukitumwa kumtazamia mtu kitu, nunua popcorn mapema.

Nyuzi zenu za sinema bora nimezisoma, wengi mnabishana kuhusu mwisho. Niambieni ukweli hapa chini: wimbo ukianza, huwa mnakwenda wapi?