Kiti Ambacho Yassini Hakukishona

Mwaka 1999, vita vikiwa vimeshakula mwaka mzima, Kamina haikuwa na beseni jipya. Treni ilikuja ikipenda, na ilipokuja ilishusha askari. Kwa hiyo mji mzima ulimjua Yassini wa sokoni, mzee mpole wa ukoo wa Maniema, mtu wa darasa la tano, aliyeona haya hata kutaja bei ya kazi yake. Alishona plastiki. Alitia kisu katika makaa, akatoboa matundu huku na huku ya ufa, akapitisha uzi wa nailoni, kisha akayeyusha kipande cha ndoo kuukuu juu yake. Kila beseni alilirudisha na onyo moja: usiliangushe.

Asubuhi moja Kitwa, muuzaji wa vitu vinavyoletwa na ndege, alimtupia mbele yake kiti cha gari cha mtoto. Wiki iliyopita gari la Kitwa lilikuwa limegonga lori kwenye njia ya Kabongo. Mwanawe alipasuka mdomo tu, kiti kilimshika.

"Shona, halafu funika na kitambaa mupya. Mangaribi mama mwalimu Dorothée anakuja kukikamata. Kesho banaenda Kabongo na gari ya bwana yake, na mutoto."

Yassini alifinya mgongo wa kiti kwa vidole gumba. Ufa mweupe ulifunguka kutoka kiunoni hadi shingoni. Ndani yake mlikuwa na damu iliyokauka na maziwa yaliyochacha. Akamwinulia Kitwa macho.

"Na mutoto wako, papa Kitwa?"

"Ya kwake ilishafika. Mupya, iko na nailo yake juu."

"Mama mwalimu anajua ile aksida ya lori?"

"Nilimuambia kitambaa tu njo ilipasuka. Ee, fundi ya viraka! Tangu lini weye unaulizaka? Beseni ya mji muzima unashonaka kimya."

"Beseni ikipasuka, maji tu njo inamwangika."

Kitwa akacheka mpaka akashika tumbo. "Musikie munganga!" Akaenda zake.

Yassini alikitia kisu motoni mara tatu, na mara tatu akakiacha kipoe. Sifa yake yote sokoni ilikuwa hii: ukipitisha mkono juu ya kazi yake, hujui ufa ulikuwa wapi. Siku hiyo sifa hiyo ilimnukia uvundo. Mwenye beseni lililoshonwa atalibeba polepole. Lakini kiti hiki kazi yake ni kungoja gari ligonge. Mkewe alimletea bukari, ugali wa huko, na samaki mkavu wa Kinkondja. Akaisukuma sahani kwa mguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Dorothée alifika jua lingali juu kidogo, mtoto mgongoni. Yassini akainamisha macho, akamsogezea kiti.

"Mama mwalimu, finya hapa."

Alifinya. Ufa ukapanuka kama mdomo. Akanusa vidole vyake, akavipangusa kwenye kitenge.

"Hii iko damu ya nani?"

Ndipo Yassini akamweleza, akikwama kwama, kila neno likitoka kama mwiba wa samaki. Mtoto alijinyoosha kutoka mgongoni, akauvuta mkanda wa kiti, akacheka.

"Sasa huyu nitamuikalisha wapi?"

"Sijue, mama. Lakini hapa, hapana."

"Basi bwana wangu ataenda peke yake." Akamfunga mtoto upya, akaondoka bila kuaga.

Yassini alipuliza makaa, akakikata kiti vipande vipande. Kitwa alimkuta katikati ya kazi.

"Mama yangu! Umeniua! Nitakuletea basoda na bunduki yabo!"

"Balete. Na beseni zabo babebe," Yassini alijibu, bila kuinua macho. "Zabo pia zinapasukaka."

Watu wa sokoni wakacheka. Kitwa akatukana mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akachuchumaa, akaanza kuchambua vile vipande, akaichomoa mikanda na kuinyoosha juu ya goti lake.

"Hii bado nzima," alinong'ona. "Kuna muntu atainunua kwa kiti ingine."

Yassini alimtazama kama mtu anayetazama funza ndani ya nyama. Akachukua kisu chekundu kwa moto, akakilaza juu ya mikanda, pale pale gotini pa Kitwa, mpaka ikayeyuka na mwenyewe akaruka.