Chenga za Mkanda wa Baba Mdogo

Kuna watu wanaoketi na kubishana kwa dhati kama mkanda fulani wa zamani unastahili kutolewa upya kwa ile picha ya kisasa, inayojigamba kuwa ni safi mara nne kuliko ya kawaida. Nawaelewa mkanda ukiwa wa vita, au wa twiga wakinywa maji. Lakini mkanda wa kuchekesha wa mambo ya chumbani, ambao nusu ya waigizaji wanakimbia uchi kutoka dirisha hili hadi lile? Sijawahi kusikia matako yakilalamika kwamba hayaonekani vizuri.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyeununua.

Niliukuta Newtown, hapa Johannesburg, kwa Mkenya mmoja anayeuza diski mpya na kuukuu. Nilikuwa nimefuata vitambaa, maana kazi yangu ni kushona mapazia huku Mayfair. Mkenya akaona nalikodolea macho jalada.

"Msee, hiyo imesafishwa," akasema. "Kitu sharp. Utaona mpaka vinyweleo."

Sikuwa na haja na vinyweleo vya mtu. Niliununua kwa heshima ya marehemu baba yangu mdogo, na kwa sababu mjane wake, mama mdogo, alikuwa amekuja Johannesburg kututembelea.

Baba mdogo alikuwa na banda la video Kigoma, na mtafsiri wa mikanda alikuwa yeye mwenyewe. Aliketi kando ya televisheni, akazima sauti, akashika kipaza sauti na kusema yote: mwanamume, mwanamke, polisi, mbwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini hilo halikumsumbua hata siku moja. Mkanda huu aliupata ukiwa nakala ya nakala, chenga tupu, sura za watu ukizikisia. Zikifika sehemu za aibu alifunika kioo kwa kanga, akatutangazia bei ya dagaa mpaka zipite.

Kwa maneno yake, ilikuwa hadithi ya bwana aliyeachwa na mkewe kwa majivuno yake, akawa anamfuata mji hadi mji kumbembeleza. Mke akikasirika hubadili nywele: leo za njano, kesho nyeusi. Nani angepinga, wakati kina mama waliojaa bandani nao walisuka upya kila sikukuu? Na bwana akiruka dirishani bila suruali, ni kwamba baba mkwe amefika ghafla yeye akiwa anaoga. Mwishoni baba mdogo alishusha sauti, akamtazama mkewe kwenye benchi la mbele, akasema: "Kwangu mimi mwanamke ni mmoja tu, nywele ndizo nyingi." Mama mdogo aliyachukua maneno hayo akawa anawapa maharusi, na wanawake watu wazima walikuwa wakiyacheka kuliko nilivyoona yanastahili.

Nilipomwambia mama mdogo nimeupata mkanda, aliuliza:

"Ule wa nywele?"

"Ule ule, mama. Na sasa hauna chenga."

"Basi Jumapili tuuangalie," akasema.

Mke wangu ni Mkongo wa Uvira, na ana adabu kunizidi. "Ile film ya matako, njo unataka kuonyesha mama?" akaniuliza jikoni. Nikamwambia baba mdogo aliifanya kuwa hadithi ya ndoa. "Bon," akasema. "Miye nitashika kanga."

Jumamosi, wao wakiwa wametoka kununua viungo, niliujaribu mkanda peke yangu. Picha ilikuwa safi kweli. Niliona mishono ya makochi na chunusi za watu mahali ambapo mtu hapaswi kuonwa chunusi. Halafu akatokea mke, nywele za njano, mrefu, ana doa jeusi kando ya pua. Baadaye akatokea mke, nywele nyeusi, mfupi, pua bila doa. Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Walikuwa wanawake wawili, na bwana wetu mwaminifu alikuwa akitoka kwa mmoja kupitia dirishani ili awahi kwa mwingine.

Nilicheka kwanza, kisha nikaogopa. Mama mdogo hana shamba wala nyumba ya kujivunia. Alichoachiwa na marehemu, kwa nilivyojua mimi, ni ile sentensi aliyoambiwa mbele za watu, na mimi nilikuwa nimelipa fedha zangu ili nimnyang'anye. Mchana wote uliobaki nilihangaika kuharibu nilichokinunua. Nilipunguza mwanga wa televisheni, nikaongeza rangi mpaka watu wakawa kama pilipili, nikatafuta kitufe cha kurudisha chenga. Watengenezaji wamefikiria kila kitu ila hicho. Jumapili nikatamani umeme ukatike. Umeme wa Johannesburg hukatika bila kuombwa, lakini siku hiyo uliwaka bila hata kupepesa.

Basi tukaketi. Mama mdogo kwenye kochi, mke wangu kando ya televisheni na kanga yake, mimi na rimoti. Nikazima sauti nikaanza kutafsiri kwa mtindo wa marehemu. Nilijiona hodari. Mama mdogo alicheka baba mkwe alipofika, na mke wangu alipokimbilia kioo na kanga akamwambia, "Kaa chini, mwanangu, mimi nimezaa." Kisha akatokea yule mfupi.

"Eh, mke amekasirika tena," nikasema. "Kabadili nywele."

Mama mdogo hakucheka. "Huyo ni mwingine," akasema.

"Ni hii picha mpya, mama. Inabadilisha sura za watu."

"Hata zamani alikuwa mwingine. Chenga haifupishi mtu."

 Mke wangu akaikunja kanga polepole, akaiweka mapajani.

"Baba yako mdogo alipoanza kuuonyesha mkanda huu alisema wanawake ni wawili," mama mdogo akaendelea, macho yakiwa kwenye kioo. "Watu wakacheka, bwana akakimbia madirisha yake, kila mtu akaenda nyumbani. Kisha akasafiri ng'ambo ya ziwa kutafuta mikanda, akakaa. Aliporudi wakawa mmoja. Bandani watu wazima wote tulijua ni wawili. Siku aliponitazama vile mbele ya watu na kusema mwanamke ni mmoja, ndipo nilipojua ameoa huko."

"Na hukumwuliza?"

"Nimwulize nini? Ameshatangaza kwa kipaza sauti."

Nilisikia uchungu, na zaidi nilisikia aibu kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Nikanyoosha rimoti kuzima.

"Acha," mama mdogo akasema, akisogea mbele kwenye kochi. "Washa sauti. Huyu wa pili sijawahi kumsikia akisema maneno yake mwenyewe. Wewe unajua Kiingereza. Niambie anasema nini."