Shakwe Asiye na Doa

Mwalimu alibisha mlangoni kwangu Jumapili moja ya Novemba, baada ya kanisa, akakataa kuketi. Alinifundisha darasa la nne, hapa hapa Makongeni, na ingawa sasa nina watoto wawili wanaojitegemea, mbele yake bado huwa nasimama wima.

"Mwanangu, nahitaji macho," akasema. "Yangu yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, nimo kwenye foleni ya kupasuliwa. Lakini ndege hawangoji foleni."

Mtaa mzima ulijua habari za Mwalimu na ndege wake. Tangu astaafu, kila Jumamosi alikuwa akienda kwenye mabwawa ya majitaka kule Ruai, ambako uchafu wa jiji huenda kutulia, darubini shingoni, daftari mkobani. Wengine walimcheka. Mimi sikumcheka, lakini wala sikutamani kwenda. Nafanya kibarua kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area. Napanga vipande vya sabuni kwenye maboksi, nikiwa nimesimama, asubuhi hadi jioni, na Jumamosi hadi saa saba. Jumamosi alasiri ndiyo saa yangu ya kulala. Nilikuwa nalala kama gogo, viatu vikiwa bado miguuni.

Nikamwambia sawa. Ningemkatalia vipi?

Basi tukaanza. Nilikuwa nikitoka kiwandani, miguu imevimba, namkuta amesimama kituoni na kofia yake ya ukindu. Pale mabwawani askari wa lango alitupa kitabu tuandike majina, kisha tukatembea juu ya kingo za udongo, maji ya kijani upande huu na upande ule. Harufu ile ilinishika koo siku ya kwanza. Siku ya tatu sikuisikia tena.

Mwalimu alikuwa akiwatafuta shakwe. Nilidhani shakwe ni ndege wa Mombasa, akanieleza kwamba huko kaskazini, wakati barafu inapofunga maji, baadhi yao husafiri hadi huku kwetu, na bwawa la choo kwao ni sawa na bahari. Januari sisi tunachomwa na jua, wao wamekimbia baridi.

Kazi yangu ilikuwa kutazama na kusema. Yeye alikaa kwenye kiti cha kukunja, daftari magotini, akiuliza.

"Wangapi?"

"Tisa. Wadogo, weupe, mgongo wa kijivu."

"Nyuma ya jicho kuna doa jeusi?"

"Lipo."

"Wote? Mmoja mmoja, mwanangu. Usiniambie wote kabla hujawapitia wote."

Wale wenye doa nyuma ya jicho ndio wa kawaida. Wakubwa, wenye mgongo mweusi kama masizi, walikuwa wachache lakini waliwahi kuonekana. Alitaka nimwambie rangi ya miguu, ncha ya bawa, jicho kama ni jeusi au jeupe. Nilijifunza, lakini nilijifunza kama mtu anayesinzia darasani. Darubini ilikuwa nzito na mikono yangu ilikuwa imechoshwa na maboksi.

Jumamosi ya pili ya Januari kiwanda kilikuwa na oda kubwa. Wiki nzima tulikuwa tumeongezewa saa. Nilifika Ruai nikiwa sina hata hamu ya maji. Kulikuwa na kundi la shakwe kwenye bwawa la mwisho, nami nikaanza kuwapitia: doa, doa, doa. Pembeni kabisa alikuwepo mmoja ambaye shingo yake ilikuwa ndefu kidogo. Paji la uso liliteremka taratibu hadi mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa mrefu, mwembamba. Nyuma ya jicho palikuwa peupe.

Nilimwona vizuri. Hilo siwezi kulikana.

"Huyo wa mwisho?" Mwalimu akauliza.

Nilijua nikisema ukweli tutakaa pale hadi jua litue. Ataniuliza jicho, ataniuliza bawa, atataka tuzunguke bwawa upande wa pili.

"Ana doa," nikasema.

Akaandika. Tukaenda nyumbani, nikalala kabla sijala.

Kesho yake alinipa kitabu chake cha ndege nikabandike kurasa, maana mgongo ulikuwa umeachia na gundi ya kiwandani ni nzuri. Nilikifungua mezani kwangu, na kwenye ukurasa wa shakwe nikakuta picha moja imezungushiwa penseli. Ilikuwa ya ndege mwenye shingo ndefu, mdomo mwembamba, asiye na doa. Kando yake, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukinisahihishia hesabu, aliandika: "Bado hajaonekana Ruai." Penseli ilikuwa imefifia. Alikuwa amemngoja miaka mingi.

Nilikaa na gundi mkononi mpaka ikakauka.

Jumatatu nilipotoka kazini nilipitia kwake. Alikuwa anachambua maharagwe kwa vidole, bila kuyatazama. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama.

"Ulichoka," akasema hatimaye.

"Nilichoka, Mwalimu."

"Ungesema umechoka, tungeondoka."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza. Nikamwambia, basi fungua daftari, uandike sasa, nimemkumbuka vizuri, jicho lilikuwa jeupe. Akatikisa kichwa.

"Umeshaona picha. Sasa hujui kama unamkumbuka ndege au unakumbuka kitabu. Daftari langu halipokei ndege wa namna hiyo."

Alinipa kalamu nifute mimi mwenyewe. Nikapunguza mmoja kwenye hesabu ya Jumamosi, na chini yake, kwa kuamriwa, nikaandika: "Mmoja, hakutazamwa sawasawa." Neno hilo liliniuma kuliko kama angeniandika mwongo.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba msimamizi ruhusa nitoke saa tano. Tulizunguka mabwawa yote. Nilipitia kila shakwe mara mbili, nikimwambia kila nilichoona na kila nisichokiona. Pale nisipokuwa na hakika nilisema sina hakika, na hayo aliyaandika pia. Yule hakuwepo. Tulirudi wiki ya pili, ya tatu, hadi Februari yote ikaisha. Vijana wanaokata nyasi kwenye kingo wakaanza kutusalimia kwa mbali kwa Sheng yao, mimi wakiniita mama, "Niaje, mamathe, mmempata?" Tulikuwa bado. Machi shakwe wakapungua, na Jumamosi moja bwawa la mwisho lilikuwa na bata tu. Mwalimu akakunja kiti chake. "Wamekwenda kwao," akasema.

Hakunilaumu tena. Lakini mimi nilibeba lile jambo kiwandani kila siku, nikipanga sabuni, nikimwona yule ndege pembeni ya wenzake, ametulia tu, akisubiri mtu amtazame.

Aprili foleni ilimfikia, akapasuliwa jicho la kulia. Kesho yake nilimsindikiza kliniki akafunguliwe bandeji. Nesi alimfuta kwa pamba, akamwambia afumbue polepole. Mwalimu akatazama dirisha, akatazama viganja vyake mbele na nyuma. Kisha akanigeukia. Akanikazia jicho kwa muda, kama alivyokuwa akinifundisha mimi kutazama, uso, mabega, akashuka mpaka miguuni ambako viatu vilikuwa vimepasuliwa pembeni kwa kisu ili vienee.

"Tangu lini umekonda hivi?"

Nilitaka kusema sijambo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Tangu mwaka juzi," nikasema. "Miguu inavimba kila siku. Usiku inawaka moto. Sijaenda kwa daktari."

Alimwomba nesi kiti kingine. Akanishika mkono, akaniketisha kando yake, akamwambia yule nesi kwamba hapa kuna mgonjwa wa pili, na kwamba hatutatoka mpaka naye atazamwe.