Klachi ya Bwana Hashil

Mafundi wa Gerezani, hapo ubavuni mwa Kariakoo, walimwita Beno Klachi, na jina hilo hakupewa bure: hakuna klachi iliyomshinda. Alitoka Masasi mwaka tisini na mbili na shati moja na ubishi mwingi. Shati lilichakaa, ubishi ukabaki. Miaka thelathini na ushei alilala chini ya magari ya watu, na humo chini alijifunza kuchukia watu wa aina mbili: fundi anayebahatisha, na tajiri anayekuja gereji na kesi kichwani.

Bwana Hashil alikuwa tajiri wa namna hiyo. Alikuwa na duka la vitenge Kariakoo, na gari la michezo la Kiingereza aliloachiwa na marehemu baba yake, jekundu, la viti viwili, paa la turubai. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mafundi wengi wa mtaa ule, na Hashil alilipenda kuliko alivyopenda watu.

Wiki moja nyuma, Sadalla alilibadilishia pleti ya klachi. Sadalla ni mtu wa Lindi, mwenzake Beno kijiweni, aliyekula naye sinia moja miaka kumi na mmoja. Gari liliondoka zima. Siku ya sita gia zikaanza kukwaruza. Hashil hakuja kuuliza. Alikwenda moja kwa moja polisi, akadai Sadalla ameiba pleti halisi ya Kiingereza akaweka feki. Na Sadalla alikuwa amejichongea mwenyewe, kwani Gerezani kifaa kilichotolewa hukabidhiwa mwenye gari mkononi, hata kiwe kibovu vipi, asije akasema ameibiwa. Ile pleti mbovu yeye aliwauzia watu wa vyuma chakavu, akanywea chai. Sasa ilikuwa siku yake ya pili mahabusu.

Beno alipokwenda kituoni, polisi walimuuliza kama yuko tayari kumdhamini mwenzake. Beno alisema, "Nilione gari kwanza." Sadalla alikuwa amesimama palepale, hana mkanda wala viatu, akasikia.

Jumamosi asubuhi gari lilivutwa hadi kijiweni. Hashil alishuka na kiti chake cha plastiki, akakiweka hatua mbili kutoka kwenye bampa.

"Leo sibanduki," alisema. "Nawajua nyinyi. Mtu ukipiga chafya tu, mmeshanyofoa kitu."

"Usibanduke, bosi. Ila ingia ndani ya gari, ukanyage klachi nikikwambia. Ukikaa hapo utanisaidia nini?"

Hashil aliingia huku akisonya. Injini ikiwa imezimwa, gia ziliingia vizuri. Ilipowashwa, zilikwaruza mpaka wapita njia wakageuka. Klachi ilikuwa haiachii. Fundi wa pupa angeshusha gia boksi hapohapo aitafute hiyo pleti. Beno alizima injini, akatandika kadibodi, akaingia uvunguni.

"Kanyaga!"

Pedeli ilishuka mpaka chini. Mkono wa klachi, ule uliopaswa kusukumwa, ulisogea unene wa kucha tu.

"Achia! Kanyaga tena!"

Hapo akaona. Fimbo inayotoka kwenye pedeli kwenda kwenye mkono ilikuwa haisukumi. Ilikuwa inajikunja katikati. Na pale vinapoungana, pini ilikuwa haizunguki hata chembe. Pini ya klachi ni sharti izunguke, la sivyo nguvu zote za mguu zinaishia kuipinda fimbo. Beno alifuta grisi kwa kitambaa, akakuta donge la weldi, jipya kabisa.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Aibu ilifuata, maana kumbe Sadalla alikuwa safi tangu mwanzo.

Alitoka uvunguni. "Bosi, gari lilipotoka hapa lilipita kwa fundi gani?"

"Hakuna fundi aliyeligusa."

"Na mchomeleaji?"

Hashil alitazama usukani. "Huyo si fundi. Nilimwita nyumbani achomelee vitu visiibwe. Betri, taa, na hizo pini za chini. Niliambiwa mkishaona kifaa cha kizamani, mnakifuata mpaka nyumbani kwa mtu."

"Kwa hiyo gari umelivunja miguu mwenyewe, halafu mtu analala ndani kwa sababu halitembei!"

Mafundi wa jirani walicheka kwa sauti, makusudi. Hashil akawa mwekundu. "Usinipandishie sauti. Tengeneza."

Beno alikata weldi kwa msumeno, akagonga pini ikatoka, akainyoosha fimbo juu ya kipande cha reli. Alipoishika pini mpya, aliacha kazi.

"Hii naiingiza Sadalla akiwa amesimama hapa. Nenda kituoni ukawaambie ulichokifanya."

"Unaliteka gari langu?"

"Kaite polisi, bosi. Njia unaijua."

Hashil alitukana kwa Kiswahili, akatukana kwa Kiarabu, kisha akaondoka. Adhuhuri ilikuwa imepita aliporudi na bajaji, Sadalla yuko nyuma. Beno aliingiza pini, akawasha injini, akakanyaga, gia ya kwanza ikaingia kimya.

"Fundi, yameisha," Hashil alimwambia Sadalla, macho yake yakiwa kwenye gari. "Binadamu hukosea." Akaingia garini mwake akaondoka.

Sadalla alimgeukia Beno.

Beno alijifuta mkono, akamnyooshea. "Ndugu yangu, haikuwa pleti. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona leo," Sadalla alisema. "Yule hanijui, acha anidhanie. Wewe je, Beno? Mpaka ulale chini ya gari ndiyo unijue mimi?"

Sadalla alikusanya spana zake moja moja, akabeba boksi.

Jumatatu alifungua kijiwe chake upande wa pili wa barabara, hatua ishirini tu. Beno akimsalimia, huitikia bila kinyongo chochote, "Poa, fundi," kama anavyomwitikia mtu yeyote.