Neno la Kuwasha Jiko

Mara ya kwanza Bi Punguza kufika kwa Pua, fundi wa rangi za magari, alifika na debe la thina ya kuchanganyia rangi na uongo mmoja. Thina aliinunua mtaani kwa bei ya kutupa. Uongo ulikuwa kwamba imetoka dukani na muhuri wake. Pua hakubishana. Aliinama, akafungua kifuniko, akavuta hewa mara moja kama mtu anayeonja mchuzi, akafunika.

"Dada, hapa kuna petroli," alisema. "Sasa niambie, umeuziwa au unaniuzia?"

Bi Punguza alicheka mpaka kilemba kikalegea. Alikuwa amejijenga kwa kununua magari yaliyochoka na kuyauza yakionekana yamepumzika, na jina alilopewa na wazazi lilikwisha kuzikwa chini ya neno alilolitamka kila siku sokoni. Alijua kwamba fundi asiyedanganyika ni mali: wewe humwibii, lakini na wengine hawamwibii kitu chako kikiwa mkononi mwake. Tangu siku ile kazi zote za kupaka rangi ndani ya magari zikaenda kwa Pua. Akamwita kaka, na mkewe akamwita wifi. Undugu wenyewe haukuwa wa damu, ulikuwa wa bei, lakini wapo ndugu wa damu wasiosalimiana.

Pua alifanyia kazi nyumbani kwake. Banda la rangi liliegemea chumba cha kupikia, na kati yake kulikuwa na mlango wa mbao uliopinda kwa chini. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria. Siku ya kupuliza rangi, mke hagusi kiberiti mpaka mumewe asimame jikoni, avute hewa, aseme, "Washa." Mvuke wa thina ni mzito. Haupandi kama moshi, hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ukitafuta mwanya. Harufu yenyewe haikuisha kamwe katika nyumba ile. Swali lilikuwa kiasi, na kiasi alikijua mmoja tu.

"Wenzangu wana waume wenye midomo," mke alimtania Bi Punguza siku moja. "Mimi nimepata mwenye pua. Nina nafuu."

Mwaka wa mawingu mengi Bi Punguza alinunua gari lililovuliwa nguo. Mwenye gari alikuwa ameng'oa viti, zulia na ngozi za milango ili apake rangi kwa mkono wake, akaona kutu, akakata tamaa. Wanaume wanaokata tamaa katikati ya kazi, Bi Punguza alipenda kusema, ndio walionijengea nyumba. Gari likaburutwa mpaka bandani likiwa tupu kama kopo, viti vikifuata kwenye mkokoteni.

Pua alianza na sakafu. Mabaka ya lami ya kuzuia kelele aliyabandua kwa patasi, kutu akaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikatoa macho. Palipotoboka akaziba kwa bati. Kisha msasa mkavu, msasa wa maji, sabuni, kitambaa, na nyaya zote akazivika karatasi na utepe. Bi Punguza, ambaye mnunuzi wake alikwisha kuanza kupiga simu, alimuuliza kama hayo yote ni lazima wakati rangi itafunika.

"Rangi haimfuniki mtu, dada," alisema. "Inamtangaza."

Siku ileile, mke akiwa uani anaanika nguo, maharage yaliungua. Bi Punguza aliisikia harufu yake kutoka barabarani. Aliingia mbio akidhani nyumba haina mtu, akamkuta Pua ameketi kwenye kigoda hatua chache kutoka jikoni, akisugua mlango wa gari na kuimba chinichini, moshi wa maharage ukimpita masikioni. Mke akaja, akaepua sufuria akilalamika kuhusu jiko. Pua alishtuka kama aliyeamshwa. Alisema alikuwa na mawazo.

Bi Punguza aliyatazama maharage, akaitazama pua ya fundi. Kitu kama kile hukisemi, unakiweka.

Kesho yake alikuja na debe. Safari hii alijua kilichomo, maana alimwambia aliyemuuzia asione haya, aongeze petroli. Alijiambia ni mtihani tu. Pua akafungua kifuniko, akainama, akavuta hewa. Akavuta tena. Mtu wa kuonja mara moja sasa alikuwa anakunywa bakuli zima.

"Safi," alisema.

"Una hakika, kaka?"

Mkono wa Pua ulibaki juu ya kifuniko. Aligeuka kutazama upande wa jikoni, mkewe akipepeta mchele na kuzungumza peke yake. Aliporudisha uso, sauti ilikuwa imeshuka.

"Kazi hii nitakupunguzia," alisema.

Maisha yake yote Bi Punguza aliivuta bei ishuke kama mtu anayevuta mbuzi mbishi. Hakuwahi kuiona ikishuka yenyewe, bila kuitwa. Lakini mdomo una mazoea yake, na mdomo ukasema, "Punguza." Debe likabaki pale. Pua hakuuliza lina nini, maana kuuliza ni kukiri.

Siku ya kupuliza rangi, mawingu yalilala juu ya mabati na upepo ulitoka kwa seremala wa jirani, umebeba vumbi la mbao. Pua alifunga milango ya banda na kutundika mashuka yaliyoloweshwa kila penye upenyo, yamnasie vumbi. Kutoka nje banda lilionekana kama nyumba yenye maiti. Alichanganya rangi kwa thina ya lile debe, akajifunga kitambaa puani, akaingia, mashine ikaanza kunguruma. Alianza darini mwa gari, akashuka kwenye nguzo, akamalizia sakafu akirudi kinyumenyume, kama anayepiga deki.

Bi Punguza alikuwa jikoni, amekuja kuona kama mnunuzi aitwe. Aliketi karibu na ule mlango uliopinda. Miguu yake ndiyo iliyotangulia kuujua ule mvuke, ubaridi mwembamba ukipita juu ya vidole. Kisha macho yakamwasha. Mke alikuwa ameinjika maji ya chai, kiberiti mkononi, akingoja neno.

Mashine ikanyamaza. Pua akaingia kwa kuzunguka uani, nyusi zimepata vumbi la kijivu. Akasimama mahali pake. Akavuta hewa, kifua kikapanda kama siku zote. Bi Punguza alimtazama usoni na kuona macho yake hayakwenda kwenye mwanya wa mlango. Yalikwenda kwenye saa ya ukutani.

"Washa," alisema.

Mke akatoa njiti.

Hesabu ilipita kichwani mwa Bi Punguza upesi. Akisema, milango itafunguliwa, vumbi litaingia, rangi itaharibika, na debe litaulizwa limetoka wapi. Akinyamaza, labda lisitokee lolote. Labda. Alikuwa amewauzia watu labda nyingi sana, wala hakuwahi kununua hata moja.

"Wifi," alisema taratibu, kama anayemsemesha mtoto aliyeshika kisu, "weka kiberiti chini. Kaka hasikii harufu."

Mke hakumtazama yeye, alimtazama mumewe. Pua alikuwa anatazama viatu vyake. Njiti ikarudi kwenye kiberiti, kiberiti kikaingia kifuani mwa gauni.

"Na wewe umejua tangu lini?" mke akamuuliza Bi Punguza.

"Tangu maharage."

"Ukakaa nalo."

Bi Punguza alijisogeza mbali na ule mlango uliopinda.

Mke alitoka, akafungua milango ya banda yote miwili, akang'oa mashuka kwa mikono yake. Upepo ukaingia na mali ya seremala. Walisimama uani watatu, wakitazama vumbi la mbao likitua kwenye rangi mbichi, polepole, kila mahali, mpaka sakafu iliyosuguliwa siku zote zile ikawa kama msasa. Kisha mke akaliinua lile debe, akanusa, akamsogezea mumewe kwa mazoea, akakumbuka, akalirudisha.

"Petroli," alimwambia. Na kwa Bi Punguza: "Rahisi huvunja upishi, wifi. Leo nusura ivunje na mpishi."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwita wifi.

Gari lilinunuliwa na muuza mkaa, ambaye hakujali sakafu ikiwa laini au ikiwa na magamba. Bi Punguza alipata fedha aliyoitoa, bila faida. Banda lilihamishwa mpaka mwisho wa ua, mbali na moto. Kazi inaendelea, na ni nzuri kama zamani, lakini kila debe hunuswa na mke kwanza, na bei hutajwa na mke. Bi Punguza bado huenda, kwa kuwa fundi bora hajapatikana. Hukaribishwa kigoda cha uani, si jikoni.

"Haipungui, mteja," huambiwa.

Hulipa. Na kila jioni, kabla mke hajawasha, Pua huacha msasa, huinua uso kuelekea jikoni na kuvuta hewa, kifua kikipanda. Hakuna anayemngoja aseme kitu.